Mvua ya Kanyaruchinya Yaenda Wapi?

Msafiri atokaye Goma kwenda Rutshuru huipita Munigi, kisha hufika Kanyaruchinya, chini ya mlima Nyiragongo. Akifika siku ya mvua kubwa ataona jambo la kustaajabisha. Mvua yapiga mabati kwa kishindo, maji yateremka njiani yakibeba changarawe nyeusi. Lakini mvua ikiisha kukatika, haupiti muda mrefu nchi huwa imekauka. Mto haupo. Kijito chenye kudumu hakipo. Wala hakuna chemchemi ambapo mama aweza kujaza bidoni yake. Wale wale waliojikinga mvua barazani wachukua tena vyombo vyao vitupu, watoka kwenda kutafuta maji.

Yatupasa kuuliza kama watoto waulizavyo: maji yale yote yamekwenda wapi? Swali hili si la kitoto. Katika jibu lake mna habari za kiu, za shamba, za choo, na za ugonjwa wa kipindupindu. Tena mna habari za mabomba ambayo wakulima wa nchi nyingine huyazika ardhini kwa gharama kubwa, ili wapate kitu ambacho watu wa Kanyaruchinya wamepewa na mlima bila kukiomba, nacho chawasumbua kila siku. Twataka leo kuzieleza habari hizo kwa taratibu, moja baada ya nyingine.

MAJI YALIYOFICHIKA

Mvua ikishuka juu ya nchi hugawanyika mafungu matatu. Fungu la kwanza hutiririka juu ya ardhi na kwenda mtoni. Fungu la pili hurudi hewani, ama kwa kukaushwa na jua, ama kwa kunywewa na mimea na kupumuliwa na majani. Fungu la tatu huzama. Hupita katikati ya chembe za udongo, hushuka polepole, mpaka hufika mahali ambapo kila tundu na kila ufa umekwisha kujaa maji. Hayo ndiyo maji ya ardhini, na sehemu yake ya juu kabisa twaweza kuiita uso wa maji ya ardhini.

Mtu akichimba kisima, kazi yake yote ni kuufikia uso huo na kuupita kidogo. Na pale mteremko wa kilima unapokutana na uso huo, maji hutoka yenyewe, nasi twasema: tazama, chemchemi! Wakati wa mvua nyingi uso huo hupanda. Wakati wa kiangazi hushuka, na visima vifupi hukauka.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji hayo yametulia kama maji ya mtungi. Sivyo. Yatembea daima, ila kwa mwendo wake mwenyewe. Mwaka 1856 injinia mmoja Mfaransa, Henry Darcy, aliyeuletea mji wa Dijon maji safi ya kunywa, alitoa kitabu kilichoeleza majaribio yake. Alijaza mchanga katika bomba lililosimama, akapitisha maji ndani yake, akapima. Aliona kwamba mwendo wa maji wategemea mambo matatu. La kwanza ni tofauti ya kimo kati ya mahali maji yatokako na mahali yaendako: tofauti ikizidi, mwendo huzidi. La pili ni urefu wa njia: njia ikiwa ndefu, mwendo hupungua. La tatu ni namna ya kitu yanamopita: mchanga huyaachia njia, udongo wa mfinyanzi huyabana. Kati ya mchanga mkubwa na mfinyanzi mzito, tofauti ya upitishaji si mara mbili wala mara kumi, bali ni maelfu ya mara na zaidi. Kanuni hiyo ya Darcy yatumika hata leo popote watu wanapopima maji ya ardhini.

Msomaji ayashike mambo haya matatu. Kwa hayo ataelewa yote yanayofuata.

MABOMBA YALIYOZIKWA SHAMBANI

Kuna mashamba ambayo ugonjwa wake si ukame bali ni maji kupita kiasi. Uso wa maji ya ardhini u karibu mno na uso wa nchi. Mizizi ya mahindi na ya maharagwe yahitaji hewa kama sisi tuhitajivyo; ikikaa ndani ya maji siku nyingi huoza. Jembe hukwama, na mbegu hufa katika tope. Katika nchi za jua kali huongezeka shida nyingine: maji yaliyo karibu hupanda juu, jua huyakausha, nayo huacha chumvi yake udongoni, mpaka shamba huwa jeupe na mazao hukataa.

Dawa ya ugonjwa huo ni kuyapa maji njia ya kutokea. Dawa ya zamani ni mtaro wa wazi. Lakini mtaro hula nafasi, hukata shamba vipande vipande, na hujaa magugu. Kwa hiyo watu walifikiri kuificha njia chini ya ardhi. Katika miaka ya 1830 mkulima mmoja aliyezaliwa Skotilandi, John Johnston, alianza kulaza vigae vya udongo uliochomwa chini ya shamba lake katika jimbo la New York huko Marekani. Majirani zake walimcheka kwanza. Kisha walipoona ngano yake walimfuata. Siku hizi vigae vimeacha nafasi kwa mabomba ya plastiki yenye matundu madogo, yanayolazwa kwa mashine, mara nyingi kwenye kina cha mita moja au zaidi kidogo, bomba moja likiwa mbali na jenzake kwa mita 10, 20, 30 au zaidi, kadiri udongo ulivyo.

Hapa yafaa kuondoa kosa moja la mawazo. Bomba hilo halinyonyi maji. Likiwa juu ya uso wa maji ya ardhini, hukaa kavu siku zote, hata kama udongo ulioko kando yake una unyevu. Unyevu ule ambao chembe za udongo hushikilia kwa nguvu zake zenyewe haulipiti tundu la bomba. Nao ndio mimea huunywa. Bomba hupokea maji pale tu udongo unaolizunguka ulipojaa kabisa. Kwa hiyo kazi yake ni kama ya mdomo wa pipa uliotobolewa katikati: maji hayawezi kupanda zaidi ya pale, lakini yaliyo chini ya tundu yabaki.

Na mwendo wa maji kulielekea bomba ni wa ajabu. Mtu angedhani ya kuwa maji hushuka tu kutoka juu. Lakini maji yaliyo katikati ya mabomba mawili hushuka kwanza, hupita hata chini ya kina cha bomba, kisha hujipinda na kupanda, yaingie kwa upande wa chini. Uso wa maji kati ya mabomba mawili hufanya umbo la mgongo: uko juu katikati, na hushuka karibu na kila bomba. Mabomba yakiwa mbali mno, mgongo huo hupanda mpaka mizizini, na kazi yote imekuwa bure. Mwaka 1940 mtaalamu wa Uholanzi, Hooghoudt, alitoa hesabu ya kujua umbali ufaao kati ya bomba na bomba. Waholanzi hawakuihitaji kwa mchezo, maana sehemu kubwa ya nchi yao iko chini ya kimo cha bahari.

Faida ya kazi hiyo ni kubwa. Misri, baada ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, mashamba yalipata maji mwaka mzima, na chumvi ikaanza kupanda. Kwa hiyo serikali ya Misri imezika mabomba chini ya mashamba yapatayo hekta milioni 2. Bila kazi hiyo, ardhi ile iliyowalisha watu tangu enzi za Mafarao ingaliharibika.

Lakini kila njia ya maji ina mwisho wake, na mwishoni huko kuna mtu. Maji ambayo yangaliteremka polepole na kulisha chemchemi ya bondeni, sasa hukimbilia mtaroni. Uso wa maji ukishushwa katika shamba moja, huvutwa pia chini ya shamba la jirani. Kinamasi kilicho kando chaweza kukauka, na kisima kifupi chaweza kupungua. Tena maji hayo yabeba mabaki ya mbolea. Katikati ya Marekani mabomba ya mashambani huyapeleka hayo katika mto Mississippi, na mto huyapeleka baharini, katika Ghuba ya Meksiko. Huko mimea midogo ya majini hustawi kupita kiasi, kisha hufa na kuoza, nayo humaliza hewa iliyomo majini. Basi samaki wakimbia au wafa. Mkulima aliye mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita elfu amemgusa mvuvi asiyemjua.

FUNZO LA RUGEZI

Hatuna haja ya kwenda Marekani ili kuyaona mambo haya. Kaskazini ya Rwanda, si mbali na milima hii hii ya Virunga, kuna kinamasi kiitwacho Rugezi, chenye eneo la karibu hekta 6,700. Kinamasi hicho ni kama sifongo kubwa. Kilipokea mvua, kikaishika katika mboji yake na mafunjo yake, kisha kikaitoa kidogo kidogo kwenda Ziwa Burera. Kutoka Burera maji hushuka na kuzungusha mitambo ya umeme ya Ntaruka, kisha huingia Ziwa Ruhondo.

Watu waliongezeka, mashamba yalipungua, na njaa ikabisha hodi. Basi walichimba mitaro, wakayaondoa maji, wakapanda mazao katika kinamasi. Nani awezaye kuwalaumu wazazi wenye watoto wa kulisha? Lakini uso wa maji ya ardhini ulishuka, mboji ikakauka na kudidimia, na sifongo ikaacha kuwa sifongo. Kisha mvua zikapungua, na mitambo nayo haikutunzwa vizuri. Mwaka 2003 na 2004 Ziwa Burera lilikuwa limeshuka sana, Ntaruka ikakosa maji ya kutosha, na Rwanda ililazimika kukodi mashine za mafuta ili miji ipate taa, kwa gharama kubwa.

Serikali ilikataza kilimo ndani ya Rugezi, na mwaka 2005 kinamasi kiliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya vinamasi vyenye maana kwa ulimwengu wote. Maji yalirudi. Lakini tusisahau upande wa pili: familia zilizokuwa zikilima mle zilipoteza mashamba yao. Aliyekuwa akila kutokana na mtaro alilipia taa ya mjini. Ndiyo sababu mambo ya maji yataka kufikiriwa mapema, kabla mtaro wa kwanza haujachimbwa, maana baadaye kila suluhisho lamwumiza mtu.

SHAMBA LILILOTOBOLEWA NA MLIMA

Sasa turudi Kanyaruchinya. Nyiragongo una kimo cha mita 3,470, na lava yake ni nyepesi kupita lava ya milima mingi ya moto. Yatiririka karibu kama uji. Katika kizazi kimoja tu umemwaga mara tatu: tarehe 10 Januari 1977, tarehe 17 Januari 2002, na tarehe 22 Mei 2021. Na kabla ya hapo ulikwisha kumwaga mara zisizohesabika. Nchi yote kutoka mlimani hadi Ziwa Kivu ni tabaka juu ya tabaka la lava.

Lava ikipoa husinyaa, na ikisinyaa hupasuka nyufa. Mara nyingine ngozi yake ya juu hukauka kwanza, na ile ya ndani, ikiwa ingali moto, huendelea kukimbia na kuacha shimo refu kama bomba. Kati ya tabaka moja na jingine hubaki mawe yaliyovunjika-vunjika na majivu. Juu ya hayo yote kuna udongo mwembamba, ambao una rutuba nzuri, lakini mahali pengi jembe hugonga mwamba upesi.

Msomaji ameshaelewa. Kanyaruchinya ni shamba ambalo chini yake mabomba yamezikwa kila mahali, kwa kina chote, wala hakuna mtu awezaye kuyaziba. Yale mambo matatu ya Darcy yamekutana yote upande mmoja: mteremko ni mkali, njia ni fupi, na mwamba wenye nyufa huyaachia maji yapite. Uso wa maji ya ardhini, ambao mkulima wa Uholanzi huuona akichimba kwa mikono, hapa uko mbali chini ya mwamba. Mwenye kuchimba kisima kwa sururu atachoka kabla ya kuufikia.

Na maji yale yaenda wapi? Yapita chini ya Kanyaruchinya, chini ya Munigi, chini ya mji wa Goma wenyewe, yaelekea Ziwa Kivu. Lakini mengi hayatokei ufukoni ili watu wayaone. Yaingia ziwani chini ya maji. Wataalamu waliopima joto na chumvi ya ziwa wamegundua kwamba pwani ya kaskazini, chini kabisa ya macho yetu, kuna chemchemi nyingi. Nyingine ni baridi na tamu, nyingine ni za moto na zenye chumvi. Wamekadiria ya kuwa chemchemi hizo zote za chini ya ziwa huleta kilomita za ujazo 1.3 za maji kila mwaka. Ndiyo kusema lita zipatazo 40,000 kwa kila sekunde, usiku na mchana. Mto mzima wapita gizani, na juu yake watoto watembea na bidoni tupu.

Mto huo uliofichika una kazi yake. Ziwa Kivu, lenye kina cha mita 485, limehifadhi chini yake hewa nyingi iliyoyeyuka majini: hewa ya makaa ipatayo kilomita za ujazo 300, na methani ipatayo 60. Maji ya juu na ya chini hayachanganyiki, kwa sababu yale ya chini ni mazito kwa chumvi na hewa. Chemchemi za chini ya ziwa, kila moja ikiingia katika kina chake, zasaidia kudumisha matabaka hayo yakae yalivyo. Kwa hiyo maji yanayotukimbia Kanyaruchinya hayapotei bure. Yapo, na yafanya kazi. Ila si kazi ya kutujazia chungu.

MWAMBA HAUCHUJI

Hapa twafika kwenye jambo ambalo wazazi wanapaswa kulisikia kuliko yote. Udongo wa kawaida ni chujio. Maji yakipita polepole katika chembe zake, vijidudu hunaswa, hudhoofika na kufa. Lakini ufa wa lava hauchuji kitu. Kinachoingia juu hushuka na maji kama kilivyo. Wepesi ule ule unaoikausha njia baada ya mvua ndio unaochukua uchafu wa choo, wa kaburi na wa jalala, na kuupeleka mbali upesi.

Tena mwamba huo hukataa kuchimbwa, na choo kisichochimbwa huwa choo cha juu juu, au hakiwi choo kabisa. Historia ya nchi hii yatukumbusha. Mwezi wa Julai 1994, kati ya watu 500,000 na 800,000 waliokimbia Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Walipiga kambi juu ya lava. Huko Kibumba, mbele ya Kanyaruchinya katika njia ile ile, hapakuwa na maji kabisa, ilibidi yaletwe kwa malori. Vyoo havikuchimbika, hata makaburi hayakuchimbika. Wengi walikunywa maji ya ziwa bila kuyatibu. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000, walio wengi kwa kipindupindu na kwa kuhara damu.

Kanyaruchinya yenyewe imepokea wageni wa dhiki mara mbili. Mwaka 2012 watu waliokimbia vita vya Rutshuru walijaa pale, mpaka mwezi wa Novemba vita vilipowafukuza tena. Na mwishoni mwa mwaka 2022 makumi ya maelfu walikuja, wakalala shuleni na kando ya barabara. Mwezi wa Desemba mwaka huo kipindupindu kilitangazwa katika teritwari ya Nyiragongo. Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita vilipofika Goma, kambi za kuuzunguka mji ziliachwa tupu. Watu huondoka, lakini mashimo yao ya choo hubaki juu ya mwamba, na mvua huyaosha.

Maji ya bomba nayo yana udhaifu wake. Kwa miaka mingi mji wa Goma umeishi kwa maji yanayopandishwa kutoka ziwani kwa mashine, na maji hayapandi mlima bila kusukumwa. Lava ya Mei 2021 iliharibu tanki kubwa na mabomba, na watu wapatao nusu milioni walikosa maji kwa ghafula. Yule mlima uliotoboa shamba letu waweza kukata na bomba letu.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuziba nyufa za Nyiragongo. Lakini twaweza kuyashika maji kabla hayajaufikia ufa. Hapo ndipo palipo na hekima yote ya nchi ya lava: mkulima wa Uholanzi atafuta njia ya kuyaondoa maji, mkulima wa Kanyaruchinya atafute njia ya kuyachelewesha.

Kwanza, shamba. Udongo mwembamba waweza kufanywa sifongo. Mabua ya mahindi na maganda ya maharagwe yasichomwe. Yatandazwe juu ya udongo yaukinge na jua. Samadi na mboji huongeza nguvu ya udongo kushika unyevu, yaani yale maji ambayo hata bomba haliwezi kuyachukua. Mawe yaliyotolewa shambani yapangwe mistari kuukata mteremko, ili mvua isichukue udongo na kuuangusha nyufani. Migomba na miti ipandwe mahali maji ya paa yanapomwagikia.

Pili, paa. Tufanye hesabu. Nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina paa la mita za mraba 48. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 10, ambayo si mvua ya ajabu, huleta lita 480. Tukitoa zinazorukia nje, tubakie na lita 400: bidoni 20 za lita 20. Mashirika ya misaada huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kipimo cha chini wakati wa dharura. Familia ya watu sita yapata humo maji ya siku nne, bila msichana yeyote kukosa shule. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba chenyewe sharti kiwepo. Mfereji wa paani na pipa lenye kifuniko ni mali kuliko redio.

Lakini twaonya. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo huchukua tindikali na floridi. Shirika la Afya Duniani lataja miligramu 1.5 za floridi katika lita moja kuwa mpaka wa maji ya kunywa. Ikizidi miaka mingi, meno ya watoto yanayoumbika hupata madoa ya kahawia, na ikizidi sana hata mifupa hudhurika. Kuchemsha hakuondoi floridi. Kwa hiyo maji ya kwanza ya kila mvua, yanayoosha bati na majivu yake, yaachwe yamwagike; na siku ambazo moshi wa mlima umelala juu ya kijiji, maji ya paa yatumike kwa kufua, kuosha na kunyweshea bustani, na ya kunywa yatafutwe penye bomba lililotibiwa.

Tatu, choo. Kwa kuwa mwamba hauchuji, choo cha juu chenye sanduku lililojengwa kwa saruji, lisilopitisha maji, ni bora kuliko shimo lililoishia kwenye ufa. Kikijaa, kiondolewe na kupelekwa mahali palipokubaliwa, si kumwagwa korongoni usiku. Na maji yoyote ambayo asili yake haijulikani yachemshwe au yatiwe klorini kwa kipimo.

Nne, tahadhari na mashimo. Kando ya ziwa, magharibi ya Goma, watu wayajua mazuku, yaani hewa nzito ya makaa inayotoka nyufani na kulala mabondeni, ikiua mbuzi na hata watu. Njia za maji ni njia za hewa pia. Mtu asishuke katika shimo au pango la lava peke yake, wala asimtume mtoto.

NENO LA MWISHO

Kazi nyingine yazidi nguvu za familia moja. Mabomba ya umma, matanki ya shule, mahali pa kumwaga uchafu wa vyoo: mambo hayo yawahusu wakuu wa serikali na machifu, na wananchi wana haki ya kuyadai. Lakini wadai wakijua sababu. Afisa akisema, "Chimbeni visima," ajibiwe kwa heshima ya kuwa hapa si nchi ya visima vya sururu. Mfadhili akileta vyoo vya shimo, aulizwe: shimo hilo laishia wapi?

Swali hilo moja, laishia wapi, lawafaa watu wote wanaogusa maji: mkulima wa Misri na bomba lake, mkulima wa Rugezi na mtaro wake, na mama wa Kanyaruchinya na ndoo yake ya maji machafu. Maji hayana mwisho machoni pa mtu aliyeyamwaga. Yana mwanzo machoni pa mtu atakayeyanywa. Walio Goma, ufukoni mwa Ziwa Kivu, wanywa yaliyopita chini ya walio juu. Nasi tulio juu twaishi karibu na mlima ambao haukuuliza mtu kabla ya kutoboa nchi yetu. Tusiongeze tundu lingine bila kufikiri.